Mlango wa ndani: kile panya wa maabara walifundisha juu ya Ebola na sindano ya CTE

Ku Musienene, ku Butembo na ku Beni kuna swali ambalo halijaisha tangu siku za riposti. Linatoka kwa wamama sokoni, kwa vijana wa moto kwenye parking, hata kwa watu waliosoma sana: ile dawa waliyokuwa wanapewa wagonjwa ndani ya CTE ilikuwa nini? Ilikuwa inafanya kazi gani mu mwili? Na nyuma ya swali hilo kuna neno lingine, lenye uchungu zaidi: kwamba walitutumia sawa panya wa majaribio. Wengine wanasema "kobayi", sawa wale wanaofugwa jikoni.

Neno hilo si la kuchekelea. Ebola ilitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka wa 2018, ikianzia upande wa Mangina, wakati watu wa Beni walikuwa wanazika ndugu zao waliouawa kwa panga tangu 2014. Mwisho wa mwaka huohuo uchaguzi ukaahirishwa kwa Beni na Butembo, na Ebola ikawa moja ya sababu zilizotajwa. Mtu akiona hivyo, kisha aone magari mengi ya riposti yakipita na wageni wenye kuvaa nguo nyeupe kichwa mpaka miguu, anaweza kuuliza: hawa walikuwa wapi tulipokuwa tunachinjwa? Mu mwezi wa 2 wa 2019 CTE ya Katwa ilishambuliwa, na siku chache baadaye ile ya Butembo. Tarehe 19 mwezi wa 4, daktari Richard Mouzoko, mwenye kutoka Kameruni na aliyetumwa na OMS, aliuawa kwa risasi ndani ya hospitali ya chuo kikuu ku Butembo. Ugonjwa ulipotangazwa kuwa umekwisha, tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka wa 2020, watu 3470 walikuwa wameugua na 2287 kati yao walikuwa wamekufa.

Tunataka kujibu swali la dawa. Jibu linaanzia mbali kidogo na kwetu. Linaanzia kwenye jeni moja ambayo iko mu mwili wa panya, na iko mu mwili wako pia. Jina lake ni NPC1.

Kazi ya NPC1 siku zote

Jeni ni sawa agizo lililoandikwa ndani ya seli, na seli ni vile vyumba vidogo sana ambavyo mwili mzima umejengwa navyo, havionekani kwa macho matupu. Agizo moja linaiambia seli jinsi ya kutengeneza protini fulani, na kila protini iko na kazi yake. Agizo la NPC1 tunalo mara mbili: nakala moja ya baba, nakala moja ya mama.

Ili kuelewa kazi yake, tuangalie depo ya mfanyabiashara ku Butembo. Lori linatoka Kasindi, linashusha mizigo, magunia yanafunguliwa, kisha wenye chukudu wanatoa bidhaa na kuzipeleka kila mahali penye kuhitaji. Mu seli kuna depo pia, inaitwa lisosomu. Mafuta yanayoletwa na damu yanaingia humo yakiwa yamefungwa, yanafunguliwa, na NPC1 iko imesimama kwenye ukuta wa depo ili kuyatoa nje. Mafuta ya aina hiyo yanaitwa kolesteroli. Watu wengi wanalijua jina hilo kwa ubaya, juu ya ugonjwa wa moyo na tension, lakini seli haiwezi kujenga ukuta wake bila kolesteroli. NPC1 ikikosekana, depo inajaa mpaka dari, na huku sehemu nyingine za seli zinabaki na njaa ya mafuta yaleyale.

Kuna watoto wanaozaliwa na nakala zote mbili zikiwa zimeharibika. Ugonjwa wao unaitwa Niemann-Pick aina ya C, jina la madaktari wawili Wajerumani, na ndimo herufi NPC zilimotoka. Ini na bandama vinavimba. Mtoto aliyekuwa anakimbia anaanza kuanguka-anguka, maneno yanapotea, mwishoni hata kumeza kunakuwa kazi. Ni ugonjwa wa nadra, karibu mtoto 1 kwa watoto 100,000. Mzazi mwenye nakala moja mbovu na moja nzuri hana shida yoyote. Nakala moja inatosha kuendesha depo. Tulishike hilo la nakala moja, tutalihitaji mbele.

Panya nao wako na jeni hiyohiyo. Tangu zamani watafiti walikuwa wanafuga jamii ya panya weupe wadogo ambao walizaliwa na kasoro hiyo. Wanazaliwa wazuri, wananyonya, wanacheza. Baada ya wiki sita au saba wanaanza kutetemeka na kukonda, na kwa kawaida hawamalizi miezi mitatu. Mwaka wa 1997 watafiti waliitambua jeni yenyewe, ya mtu na ya panya kwa wakati mmoja, na wakaona kama mfanyakazi ni yuleyule. Kwa miaka zaidi ya kumi iliyofuata, habari ya NPC1 ilikuwa ya wazazi wenye watoto wagonjwa na ya wataalamu wa mafuta ya mwili. Hakuna aliyeiunganisha na Ebola.

Mwaka wa 2011

Mu mwezi wa 8 wa 2011, gazeti la kisayansi Nature lilitoa kazi mbili kwa mara moja. Moja ilikuwa ya Thijn Brummelkamp, Kartik Chandran na wenzao; nyingine ya timu ya James Cunningham wa Boston, Marekani. Walitumia njia tofauti na wakakutana mahali pamoja.

Njia ya timu ya kwanza inafaa kuelezwa, juu ni ya akili sana. Walichukua seli za mtu za aina ya pekee, zenye nakala moja tu ya karibu kila jeni. Wakaziharibu jeni hizo ovyo ovyo, bila kuchagua, mu mamilioni ya seli: hii imepoteza jeni moja, ile nyingine. Kisha wakaziachia kirusi. Hakikuwa Ebola yenyewe, ilikuwa hatari mno. Ilikuwa kirusi cha mifugo kinachoitwa VSV, kilichovuliwa koti yake na kuvalishwa koti ya Ebola. (Mbinu hiyohiyo ya kirusi cha mifugo chenye koti ya Ebola ndiyo imo mu chanjo ambayo watu zaidi ya 300,000 walidungwa wakati wa mlipuko wetu. Ndiyo maana chanjo haiwezi kumpa mtu Ebola: ndani ya koti hamna Ebola.)

Seli karibu zote zilikufa. Watafiti wakaenda kutafuta zile zilizobaki hai na kuuliza: wewe umepoteza nini hata kirusi kimekushindwa? Nyingi zilikuwa na jibu moja. Zilikuwa zimepoteza NPC1.

Wakachukua seli za ngozi za wagonjwa wa Niemann-Pick, wakazipeleka kwa Ebola ya kweli ndani ya maabara yenye ulinzi mkali. Kirusi hakikuingia. Wakairudisha NPC1 mu seli hizo, kirusi kikaingia.

Lakini seli mu chupa si mwili. Mwili una damu, una askari wake, una viungo vingi, na jambo linaloonekana kweli mu chupa linaweza kuwa bure mu kiumbe kizima. Hapo ndipo panya waliitwa. Panya wenye nakala mbili nzuri za NPC1 walipewa kirusi, na wakafa upesi. Panya wenye nakala moja tu, wale ambao mu maisha ya kila siku hawana dalili yoyote ya ugonjwa, wengi wao walipona. Na mwaka wa 2015 kazi nyingine ilionyesha kama mu panya wasio na NPC1 hata kidogo, Ebola haizaliani kabisa. Ilikuwa wazi sasa: protini ya kutoa mafuta kwenye depo ndiyo pia kipokezi cha Ebola, ni kusema kile kitu cha mwili ambacho kirusi kinashika ili kiweze kuingia. Bila hicho, hakuna ugonjwa.

Kidogo juu ya panya wa shambani

Mtu atauliza: basi panya wetu wa shambani na wa nyumbani wanaleta Ebola? Panya wa kawaida mwenye kukomaa hafi kwa Ebola inayoua watu. Ili waweze kufanya majaribio, watafiti wa Marekani walilazimika kukizoeza kirusi kwa panya mpaka kikawa kikali kwao. Kazi hiyo ilitolewa mwaka wa 1998. Wala si kwamba mlango wa panya umefungwa. Mlango uko wazi, NPC1 yake inakubali kirusi. Kinachomlinda ni askari wake wa kwanza wa mwili, ambao wanawahi kukizuia kabla hakijaenea.

Wanyama ambao wametajwa zaidi kwa Ebola ni popo wa matunda, pamoja na nyani na swala wa porini wanaookotwa wamekufa. Panya wana ubaya wao mwingine: kule Ituri viroboto vyao vinaleta tauni. Hiyo ni bakteria, si kirusi, na inatibiwa kwa antibiotiki ikiwahiwa. Tusichanganye.

Kwa popo kuna jambo moja zuri la kujua. Mwaka wa 2015 watafiti walipima seli za popo mbalimbali wa Afrika. Seli za popo mkubwa wa rangi ya majani makavu, yule anayeruka kwa makundi makubwa jioni, zilikuwa ngumu kuingiliwa na Ebola. Sababu ilikuwa herufi moja tu iliyobadilika mu NPC1 yake. Herufi moja mu agizo lenye herufi zaidi ya elfu, na ufunguo haukai tena sawasawa mu tundu.

Jinsi kirusi kinavyoingia

Ajabu ya mlango huu ni mahali ulipo. Virusi vingi vinashika mlango wa nje, kwenye ukuta wa seli. Mlango wa Ebola uko ndani ya nyumba.

Mambo yanaenda hivi. Kirusi kinagusa seli, nayo seli inakimeza sawa inavyomeza vitu vingine vya chakula. Kinajikuta ndani ya kifuko, kikipelekwa polepole kuelekea depo, ile lisosomu. Humo mna asidi, na mna protini za kukata, sawa makasi, ambazo kazi yake ni kuvunja kila kinacholetwa. Kirusi kingine kingekufa hapo. Ebola inafaidika: makasi yanakata sehemu ya juu ya koti yake, na chini ya sehemu hiyo kunatokea ncha iliyokuwa imefichwa. Ncha hiyo ndiyo ufunguo. Inakaa mu pete moja ya NPC1, iliyotokeza ndani ya depo, na ukuta wa kirusi unaungana na ukuta wa depo. Maagizo ya kirusi yanamwagika ndani ya seli. Kuanzia saa hiyo seli haifanyi tena kazi yako, inafanya kazi ya Ebola.

Mwaka wa 2012 watafiti walihakikisha jambo hili kwa seli za nyoka. Ebola haiingii mu seli za nyoka fulani wa jamii ya kifutu. Wakaziwekea NPC1 ya mtu, na mlango ukafunguka. Nyoka yule hakuhitaji kupewa kitu kingine chochote cha mtu.

Kama mlango unajulikana, kwa nini usifungwe?

Ni swali ambalo kila mtu analifikia. Jibu tayari tumeliona kwa panya wanaotetemeka na kwa watoto wanaopoteza maneno. Mlango wa Ebola ni mlango wa mafuta yako mwenyewe. Kuufunga kwa nguvu na kwa muda mrefu ni kuujaza mwili uchafu. Watafiti hawajaacha kabisa wazo la kuupunguza kwa siku chache, kwa sababu wale panya wa nakala moja walionyesha kama nusu ya NPC1 inatosha kwa maisha na haitoshi kwa kirusi. Lakini dawa iliyofika kwetu ilipita njia nyingine: iliacha mlango, ikafunika ufunguo.

Na dawa hiyo ilitoka Kongo. Mwaka wa 1995 Ebola iliingia Kikwit, watu 315 wakaugua na karibu 250 wakafa. Profesa Jean-Jacques Muyembe alikuwa huko. Wakati huo, mbele ya wagonjwa ambao hakuna aliyejua kuwatibu, waganga Wakongo waliwapa wagonjwa wanane damu ya watu waliokuwa wamepona. Saba kati ya wanane waliishi. Wataalamu wa nje hawakukubali upesi, kwa kuwa wanane ni wachache na hakukuwa na kundi la kulinganisha. Lakini wazo lilibaki: mu damu ya aliyepona kuna kitu.

Kitu hicho ni kingamwili, askari wa damu ambao mwili unawatengeneza ili kumshika adui mmoja wanayemjua sura. Miaka kumi na moja baada ya Kikwit, mmoja wa wale waliopona alitoa damu tena, na askari walikuwa bado wamo. Watafiti wa INRB ya Kinshasa, wa Marekani na wa Uswisi walichagua mu damu hiyo kingamwili moja, wakaipa jina la mAb114. Mwaka wa 2016 walionyesha mahali inapokaa juu ya kirusi: inakaa palepale kwenye ncha, juu ya ufunguo. Kirusi kikimezwa, kinaingia mu kifuko pamoja na askari aliyemshika. Asidi haimwangushi. Makasi yanapita, sehemu ya juu ya koti inaondoka, yeye anabaki. Ncha inafika mbele ya NPC1 ikiwa imefunikwa, na mlango haufunguki.

Dawa ya pili, REGN-EB3, ni mchanganyiko wa kingamwili tatu, na hapa panya wanarudi. Kampuni ya Regeneron ilikuwa na panya waliowekewa jeni za kinga za mtu, ili damu yao itengeneze askari wa sura ya kibinadamu. Panya hao walionyeshwa koti ya Ebola, na kutoka kwao ndipo askari watatu walichaguliwa.

Kile kilichofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina

Sasa turudi kwa neno la kobayi. Utafiti uliofanyika kwetu uliitwa PALM, na ulianza tarehe 20 mwezi wa 11 mwaka wa 2018 ukiongozwa na INRB pamoja na taasisi ya afya ya Marekani. Wagonjwa 681 waliingia, ndani ya CTE nne: Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Kulikuwa dawa nne: ZMapp, remdesivir, mAb114 na REGN-EB3. Mgonjwa alipata mojawapo kwa bahati nasibu, pamoja na matunzo mengine, maji ya mishipa na kadhalika. Hakuna aliyepewa maji matupu kwa jina la dawa.

Kwa hiyo ndiyo, ulikuwa utafiti. Atakayewaambia watu kama haukuwa utafiti anawadanganya, na uwongo wa aina hiyo ndio uliharibu mambo mengi. Lakini tofauti na panya iko. Panya anapewa kirusi ili waone kama atakufa. Mgonjwa wa Katwa alifika tayari na kirusi, cha kifo cha watu wawili kwa watatu, akapewa kitu ambacho tayari kilikuwa kimepita kwa wanyama. Na mu mwezi wa 8 wa 2019, kamati ya kuangalia matokeo ilipoona dawa mbili zinaokoa zaidi, iliamua kusimamisha bahati nasibu kabla ya hesabu kutimia, ili wagonjwa wote wapya wapate hizo mbili.

Hesabu zenyewe: kwa siku 28, walikufa asilimia 49.7 ya waliopata ZMapp na asilimia 53.1 ya waliopata remdesivir. Kwa mAb114 ilikuwa asilimia 35.1, na kwa REGN-EB3 asilimia 33.5. Mtu mwenye huzuni atasema: mmoja kwa watatu bado anakufa, hiyo ni dawa gani? Ndiyo hapa hesabu ya pili inahitajika. Kati ya wale waliofika wakiwa na virusi vichache mu damu, waliokufa kwa dawa hizo mbili walikuwa karibu mmoja kwa kumi tu. Na kila siku moja ya kukaa nyumbani tangu dalili za kwanza iliongeza hatari ya kufa kwa asilimia 11.

Ukiwa umefuata habari ya mlango, hesabu hiyo inajieleza. Askari wa mAb114 anafunika funguo ambazo bado zinaelea mu damu. Hawezi kuingia mu seli iliyokwisha kufunguliwa na kukitoa kirusi. Siku ya pili ya homa, seli zilizofunguliwa ni chache. Siku ya nane, zimekuwa viwanda kila upande, ini na figo vinaanza kushindwa, na unafunga milango ya nyumba ambayo wezi wamekwisha kulala ndani. Wengi wa wale ambao familia zao zilisema "walimwingiza CTE akafa" walikuwa wameingia siku hizo. Si kosa la familia peke yao. Mtu hapeleki mgonjwa wake mahali anapopaogopa, na sababu za kuogopa zilikuwepo.

Kuna na swali la haki, nalo ni halali. Damu ilitoka kwa Mkongo wa Kikwit, jaribio kubwa lilifanyika kwa watu wa Beni na Butembo, lakini dawa ilikubaliwa Marekani tarehe 21 mwezi wa 12 mwaka wa 2020 kwa jina la Ebanga, na haki ya kuiuza ilipewa kampuni ya huko, Ridgeback. OMS inashauri dawa hizi mbili tangu 2022. Kupendekezwa ni jambo moja. Kuwa mu friji ya hospitali ya karibu siku ambayo mgonjwa wa kwanza anatokea ni jambo lingine, na hapo ndipo wakaaji wana haki ya kuuliza viongozi wa afya.

Mahali askari hawafiki vizuri

Tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka wa 2021, miezi saba tu baada ya ule mlipuko mkubwa kwisha, Ebola ilitangazwa tena, na safari hii zone ya afya ya Musienene ilikuwa mu orodha pamoja na Biena, Katwa na Butembo. Watu 12 waliugua, 6 wakafa, na tarehe 3 mwezi wa 5 ikatangazwa kwisha. Wengi walisema: si tuliwaambia, wameirudisha ili pesa irudi. Maabara ilisoma maagizo ya kirusi chenyewe na kuona ni mtoto wa kile cha 2018 mpaka 2020. Hakikutoka upya kwa popo. Kilikuwa kimekaa mahali mu mwili wa mtu aliyepona.

NPC1 iko karibu mu kila seli, na mwilini kuna sehemu ambazo askari wa damu wanafika kwa shida: ndani ya jicho, mu ubongo, mu korodani. Kirusi kinaweza kubaki humo kimenyamaza. Wakati wa mlipuko wetu kulikuwa mgonjwa mmoja aliyepewa mAb114, akapona, na baada ya karibu miezi sita ugonjwa ukamrudia. Kutoka kwake walipatikana wagonjwa 91 mu zone sita za afya. Ni jambo la nadra sana, na waliopona ni zaidi ya elfu moja. Lakini ndiyo sababu wanaume waliopona wanaombwa kupimwa shahawa mara kwa mara na kutumia kapoti mpaka majibu yatoke mazuri mara mbili. Kumkimbia aliyepona, kumnyima kuuza nyanya zake sokoni, hakuna kinga yoyote ndani yake. Jasho lake na mkono wake havina kitu. Anayefichwa na kutukanwa ndiye ataacha kwenda kupimwa.

Kuna na mpaka mwingine wa dawa hizi. Virusi vyote vya jamii ya Ebola vinavyojulikana kuua watu vinapita mlango uleule wa NPC1, pamoja na Marburg, iliyoua wachimba dhahabu wa Durba, upande wa Watsa, kuanzia 1998. Lakini ncha ya kila kimoja imechongwa kwa namna yake. mAb114 na REGN-EB3 zilikubaliwa kwa aina ya Zaire tu, ile ya Kikwit, Beni na Butembo. Ng'ambo ya Ruwenzori, ku Bundibugyo, mwaka wa 2007 kulitokea aina nyingine, na hiyohiyo ikaonekana Isiro mwaka wa 2012. Aina ya Sudan ilipiga Uganda mwaka wa 2022. Kwa wagonjwa wa aina hizo, sindano ya Butembo haikukubaliwa, hata ingekuwa imejaa mu friji. Sasa watafiti wanatafuta kingamwili zenye kushika sehemu ya koti ambayo haibadiliki toka aina moja mpaka nyingine, na wanaanza tena mahali palepale: damu ya watu waliopona, kisha panya.